Mhadhara, Picha za Ajali au Maswali? Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Mbinu za Kuwafundisha Vijana Udereva Salama Darasani

Karibu kila chuo cha udereva, iwe Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Nairobi, humpitisha mwanafunzi darasani kabla ya kumkabidhi usukani. Huko hufundishwa alama za barabarani, sheria na sehemu za gari, na katika vyuo vingi vya Kenya kuna pia ule ubao mkubwa uliochorwa mji mdogo, ambao mwanafunzi husogeza juu yake kigari cha kuchezea huku akieleza anachokifanya katika kila makutano. Kwa kuwa leseni ya gari dogo haitolewi kabla ya mtu kutimiza miaka 18, sehemu kubwa ya wanafunzi hawa ni vijana wa miaka 18 na 19 waliomaliza kidato cha nne au cha sita, wanaotaka leseni iwafungulie mlango wa kazi. Walimu wao hubishana mara kwa mara kuhusu namna bora ya kuwaingizia somo la usalama. Mmoja anaamini picha za ajali, mwingine anaamini maswali, na wa tatu anasema kwamba ukieleza vizuri inatosha. Uzoefu peke yake hauwezi kuumaliza ubishi huo, kwa sababu mwalimu huwaona wanafunzi wake wakiwa mbele yake tu, na hayupo wanapoendesha usiku wakiwa na marafiki ndani ya gari.

Mwongozo huu unamweleza mwalimu au mkuu wa chuo jinsi ya kulinganisha mbinu hizo kwa uaminifu, akitumia darasa lake la kawaida na bila bajeti ya utafiti. Msimamo wangu ni kwamba mbinu isipimwe kwa kiasi inavyolisisimua darasa, bali kwa kile anachokikumbuka mwanafunzi baada ya wiki kadhaa na anachokifanya akiwa ameshika usukani. Mbinu inayomwongezea kijana kujiamini kuliko inavyomwongezea uwezo ni ya kuogopwa, hata kama wanafunzi wenyewe wanaisifu.

Kwanza, kiasi cha kutarajia

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Ukubwa wa tatizo huwafanya walimu wengi watamani kuonyesha kwamba somo lao linapunguza ajali. Tamanio hilo ni jema, lakini chuo kimoja hakiwezi kulithibitisha.

Jaribio kubwa linalojulikana zaidi katika fani hii lilifanyika mwishoni mwa miaka ya 1970 katika wilaya ya DeKalb, jimbo la Georgia, Marekani. Vijana wapatao 16,000 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa kwanza walipata mafunzo marefu yaliyoandaliwa kwa uangalifu mkubwa, wa pili walipata mafunzo mafupi, na wa tatu hawakupewa mafunzo yoyote na shule. Nafuu ndogo iliyoonekana katika miezi ya mwanzo haikudumu. Wachambuzi waliorudia takwimu hizo baadaye walionyesha jambo la kutia wasiwasi zaidi, nalo ni kwamba mafunzo yaliwawezesha vijana kupata leseni mapema, hivyo wakaingia barabarani mapema na kujiweka katika hatari mapema. Ikiwa vijana 16,000 hawakutosha kutoa jibu la kufurahisha, darasa la watu 24 halitatoa jibu lolote kuhusu ajali.

Norway nayo ilipata somo la aina nyingine. Baada ya mafunzo ya kuendesha kwenye barabara zenye utelezi kufanywa ya lazima mwaka 1979, ajali za utelezi miongoni mwa madereva vijana wa kiume ziliongezeka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mafunzo yale yaliwafanya wajione mahodari wa kudhibiti gari linaloteleza, kwa hiyo hawakuona haja ya kupunguza mwendo. Kwa sababu hiyo, kila ulinganisho unaopendekezwa hapa chini unapima uwezo na kujiamini pamoja, wala haupimi kimoja ukakiacha kingine.

Hatua ya kwanza: Chagua tabia, usichague mada

“Usalama barabarani” ni mada pana mno kupimwa. Chagua tabia mbili zinazoonekana kwa macho na zinazoua vijana katika barabara zako. Kwa mazingira yetu ningependekeza mbili hizi. Ya kwanza ni jinsi mwanafunzi anavyolikaribia basi dogo, daladala au matatu, lililosimama kituoni, ambapo abiria aliyeshuka anaweza kuchomoza mbele yake bila kuonekana. Ya pili ni uamuzi wa kulipita gari jingine mahali ambapo dereva haoni mbele vya kutosha, kama vile kwenye kilima, kona au nyuma ya lori.

Iandike kila tabia kwa namna ambayo walimu wawili wakimtazama mwanafunzi mmoja watakubaliana kama ameifanya au hakuifanya. “Kuwa makini kituoni” haifai. “Aliondoa mguu kwenye mafuta kabla ya kuufikia mkia wa basi, akaacha nafasi ya mlango kati yake na basi, na akatazama sehemu ya mbele ya basi kabla ya kuipita” inafaa, kwa kuwa ina vitendo vitatu vinavyohesabika.

Hatua hii inahitaji tahadhari moja. Watafiti wa Finland, akiwamo Mika Hatakka na Esko Keskinen, wamependekeza kuyatazama mafunzo ya udereva kwa ngazi nne: kuliendesha gari lenyewe, kumudu hali za barabarani, sababu na mazingira ya safari, na mwisho malengo ya maisha na tabia ya mtu. Vyuo vyetu hutumia karibu muda wote katika ngazi mbili za chini. Kijana anayeendesha kwa fujo kwa kuwa rafiki zake wanamshangilia hana tatizo la ngazi hizo. Anajua breki ilipo na anajua alama inasema nini. Ukichagua tabia ya ngazi za juu, kwa mfano kumkatalia rafiki anayekuhimiza uongeze mwendo, tambua kwamba itahitaji mbinu tofauti na kipimo tofauti.

Hatua ya pili: Zifahamu mbinu unazotaka kuzishindanisha

Mhadhara wenye ubao ndiyo mbinu iliyoenea zaidi, na haupaswi kudharauliwa, maana kwa kueleza kanuni mpya kwa watu wengi katika muda mfupi hakuna inayoushinda kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba mwanafunzi akiitikia kwa kichwa kila mtu huamini kuwa ameelewa, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kuamini. Katika ulinganisho, mhadhara uwe kigezo ambacho mbinu nyingine zitapimwa dhidi yake.

Picha na simulizi za ajali zina wapenzi wengi, wakiwamo askari wa usalama barabarani wanaoalikwa shuleni wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama nchini Tanzania. Hofu huvuta usikivu wa darasa kwa haraka. Hata hivyo, utafiti wa saikolojia, hasa nadharia aliyoitoa Kim Witte mwaka 1992, unaonyesha kwamba hofu humsukuma mtu kubadilika pale tu anapoona kuna hatua anayoiweza na inayomfaa. Asipoiona, huanza kuikimbia hofu yenyewe kwa kusema “hayo ni ya wengine” au kwa kucheka. Nchini Israeli, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba vijana wa kiume waliouona udereva kuwa sehemu ya heshima yao walielekea kuendesha kwa hatari zaidi baada ya kukumbushwa kifo. Kwa hiyo, ukiamua kuijaribu mbinu hii, usiwaonyeshe maiti wala majeruhi wanaotambulika. Waulize kwanza wanafunzi, faraghani, kama wamefiwa na mtu kwa ajali, na mwenye kutaka kutoka nje aruhusiwe bila kuulizwa sababu. Kila tukio la kutisha lifuatwe papo hapo na kitendo mahususi ambacho dereva angeweza kukifanya. Mimi nisingeichagua kuwa mbinu ya kwanza, lakini nisingemkataza mwalimu anayeiamini kuipima, kwani ni bora aipime kuliko aendelee kuitumia bila kujua inafanya nini.

Maswali ya kukumbuka ni mbinu ya gharama ndogo kuliko zote, nayo inatumiwa kidogo mno. Badala ya kurudia maelezo, mwalimu huwataka wanafunzi wafunge madaftari na waandike kila wanachokikumbuka, kisha husahihisha. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliosoma upya maandishi walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi. Matokeo haya ni ya lazima kwa yeyote anayelinganisha mbinu, kwa sababu yanaonyesha kuwa mshindi wa leo anaweza kuwa mshindwa wa wiki ijayo. Mwalimu anayepima mwishoni mwa kipindi tu atachagua mbinu isiyofaa na atakuwa na takwimu za kumuunga mkono.

Mafunzo ya kutambua hatari hutumia picha au video fupi za barabara halisi. Mwalimu huisimamisha video sekunde moja kabla ya tukio na kuuliza: nini kinaweza kutokea sasa, na umejuaje? Uingereza iliingiza kipimo cha namna hii katika mtihani wake wa nadharia mwezi Novemba 2002. Mtahiniwa wa gari dogo hutazama video 14 zenye hatari 15, kila hatari ina alama hadi 5 kutegemea alivyoitambua mapema, na alama ya kufaulu ni 44 kati ya 75. Kwetu hakuna haja ya mitambo. Mwalimu anaweza kukaa kiti cha abiria, dereva mwingine akiwa anaendesha, na kupiga video kwa simu katika njia ambazo wanafunzi watazitumia. Video ya Buguruni saa kumi na mbili jioni au ya Jogoo Road wakati wa mvua humfundisha mwanafunzi wetu zaidi ya video ya barabara tulivu ya Ulaya yenye theluji, ingawa nimeona madarasa yanayoonyesha hiyo ya Ulaya kwa sababu picha zake ni safi.

Igizo na nafasi ya abiria ni mbinu inayogusa ngazi za juu nilizozitaja. Wanafunzi wanne hukaa kwenye viti vilivyopangwa kama gari. Mmoja ni dereva, wawili humshawishi aongeze mwendo, na wa nne hujaribu kumfanya apunguze. Kisha hubadilishana nafasi na kujadili ni maneno yapi yalifanya kazi. Sababu ya kuichukua kwa uzito ni kwamba nchini Kenya watafiti James Habyarimana na William Jack waliyagawa mabasi ya matatu kwa bahati nasibu na kubandika ndani ya baadhi yake stika zinazowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha vibaya. Katika jaribio lao la kwanza, madai ya bima kwa magari yaliyopangiwa stika yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Kijana wa miaka 18 huwa abiria mara nyingi kuliko anavyokuwa dereva, na sauti yake kama abiria ni somo linalofaa kufundishwa.

Hatua ya tatu: Shindanisha mbili tu, na uzisawazishe

Anayeshindanisha mbinu tano kwa wanafunzi 24 atapata makundi ya watu watano watano na hatajua lolote. Chagua mbinu mbili. Ulinganisho wa kwanza ninaoupendekeza ni mhadhara dhidi ya mhadhara mfupi unaofuatwa na maswali ya kukumbuka, kwa kuwa hauhitaji kifaa chochote. Wa pili, kwa awamu itakayofuata, ni mbinu iliyoshinda dhidi ya video za kutambua hatari.

Kila kitu kingine kifanane: maudhui, muda, mwalimu, saa ya siku na hata joto la chumba. Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuipa mbinu mpya dakika 90 na mwalimu mchangamfu, huku ile ya zamani ikipewa dakika 40 na mwalimu aliyechoka. Hapo linalolinganishwa ni muda na uchangamfu. Andika maandalio mawili ya somo ubavu kwa ubavu, ukianza na orodha moja ya hoja ambazo kila kundi ni lazima lizisikie.

Chukua mfano wa somo la mwendo karibu na kituo. Makundi yote mawili ni lazima yapate hesabu ifuatayo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Ikiwa dereva anahitaji sekunde moja na nusu kuona na kuitikia, gari litakuwa limekwenda mita 21 kabla breki hazijashika, na kwenye lami kavu litahitaji mita nyingine 14 hivi kusimama, jumla mita 35. Likiwa na kilomita 60 kwa saa, mita 25 zitapita kabla ya breki na 20 baada yake, jumla mita 45. Kundi la mhadhara litaonyeshwa hesabu hii ubaoni na kuelezwa mara mbili. Kundi la maswali litaonyeshwa mara moja, kisha litaulizwa, madaftari yakiwa yamefungwa: mtoto akijitokeza mita 35 mbele ya gari la kilomita 60 kwa saa, gari litakuwa na mwendo gani litakapomfikia? Wengi watakisia kilomita 5 au 10. Jibu ni zaidi ya kilomita 40 kwa saa, kwa sababu kati ya mita hizo 35 ni 10 tu za mwisho zilizotumika kufunga breki. Maudhui ni yale yale na dakika ni zile zile. Kilichotofautiana ni nani aliyefanya kazi ya kufikiri.

Hatua ya nne: Gawa makundi kwa kura

Usiwaache wanafunzi wachague kundi, wala usilifanye darasa la asubuhi kuwa kundi moja na la jioni kuwa jingine. Wanaokuja jioni mara nyingi wana kazi, na baadhi yao wameshaendesha bodaboda kwa miaka. Tofauti utakayoiona itakuwa ya watu na si ya mbinu. Anza kwa kumuuliza kila mmoja kama ameshawahi kuendesha chombo chochote cha moto, na anayesema kweli hapaswi kuadhibiwa, kwa hiyo mhakikishie kwamba jibu halitapelekwa popote. Wapange wawili wawili wanaofanana kwa uzoefu, kisha rusha sarafu kwa kila jozi kuamua nani aende kundi lipi.

Pale ambapo darasa ni dogo mno kugawanyika, au mkuu wa chuo hataki kusikia kuwa kundi moja “limepunjwa”, tumia mpango wa kupishana. Kundi la kwanza hufundishwa mada ya basi kituoni kwa mhadhara na mada ya kulipita gari jingine kwa maswali. Kundi la pili hufanya kinyume. Hivyo kila mwanafunzi anaonja mbinu zote mbili, na kila mada inafundishwa kwa njia zote mbili. Mpango huu unafaa sana kwa vyuo vyetu, na ningeutumia hata pale ambapo mgawanyo wa kawaida unawezekana.

Hatua ya tano: Andaa vipimo kabla ya kufundisha

Vipimo viandikwe na kujaribiwa kabla ya kipindi cha kwanza, ili usishawishike baadaye kuuliza yale tu ambayo mbinu uipendayo iliyafundisha vizuri. Unahitaji vinne.

Cha kwanza ni mtihani mfupi wa maarifa wenye maswali 20, uandaliwe kwa matoleo matatu yenye ugumu ulio sawa. Maswali yahusu hali na si fasili: usiulize alama ya pembetatu nyekundu inaitwaje, uliza dereva afanye nini anapoiona nyuma ya lori lililoharibika usiku.

Cha pili ni kipimo cha kutambua hatari. Andaa picha kumi na mbili za barabara za eneo lako, kila moja ionyeshwe kwa sekunde tano, na mwanafunzi aandike kitu kimoja ambacho kingemfanya apunguze mwendo. Tatu kati ya picha hizo zisiwe na hatari ya karibu, na anayeona hatari kila mahali apunguziwe alama. Hata mtihani wa Uingereza hutoa sifuri kwa video ambayo mtahiniwa amebofya ovyo.

Cha tatu ni kipimo cha kujiamini, nacho ni swali moja: kati ya madereva wapya 10 wa rika lako, unadhani utakuwa salama kuliko wangapi? Swali hili liulizwe kabla ya somo na baada yake.

Cha nne, ambacho ndicho chenye thamani kuliko vyote, ni karatasi ya uangalizi barabarani yenye vile vitendo vitatu vya hatua ya kwanza. Mwalimu wa vitendo huijaza akiwa kwenye gari la mafunzo, katika njia ile ile kwa wanafunzi wote, bila kuambiwa mwanafunzi alitoka kundi gani. Asifundishe wala asikumbushe chochote wakati wa uangalizi, isipokuwa usalama ukilazimu akanyage breki yake. Akifanya hivyo, aandike. Kabla ya kuanza, walimu wawili wajaze karatasi kwa wanafunzi wale wale watatu na kulinganisha majibu. Wakitofautiana sana, kosa liko kwenye maelezo ya vitendo, na ni lazima yaandikwe upya.

Hatua ya sita: Fundisha, kisha pima mara tatu

Wakati wa kufundisha, mtu mmoja akae nyuma na kuandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza, waliochelewa, na hoja iliyorukwa. Hilo linatosha.

Pima maarifa na utambuzi wa hatari siku ya somo kabla halijaanza, mara baada ya kumalizika, na tena baada ya wiki nne hadi sita, kabla wanafunzi hawajatawanyika kwenda kwenye mtihani wa udereva. Uangalizi barabarani ufanyike karibu na kipimo cha tatu. Usiwatangazie tarehe ya kipimo hicho, kwa kuwa watasoma usiku uliotangulia na utakuwa umepima usiku huo. Wasiohudhuria watafutwe kwa simu. Mara nyingi walioacha chuo ndio waliokuwa dhaifu, na kundi lililopoteza wengi litaonekana bora kuliko lilivyo.

Hatua ya saba: Soma matokeo bila kujidanganya

Linganisha mabadiliko ya kila mwanafunzi kutoka kipimo cha mwanzo, wala usilinganishe alama za mwisho peke yake. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba wastani wa kundi la mhadhara ulikuwa 8 kabla ya somo, ukawa 15 siku ile ile na 10 baada ya wiki sita, ilhali kundi la maswali lilianza na 8, likawa na 13 na kubaki na 12. Mwalimu aliyeishia siku ya kwanza angeupa mhadhara ushindi wa alama mbili. Mwenye subira anaona kwamba mhadhara umeacha faida ya alama 2 na maswali yameacha 4.

Je, tofauti hiyo ya alama mbili yaweza kuwa bahati tu? Kuna njia ya kujua isiyohitaji mtaalamu wa takwimu. Andika ongezeko la kila mwanafunzi kwenye kipande cha karatasi, vyote 24, bila jina la kundi. Vichanganye, vigawe katika mafungu mawili ya 12, na ukokotoe tofauti ya wastani kati ya mafungu hayo. Rudia mara nyingi, ikiwezekana mara 100 kwa msaada wa kompyuta. Ikiwa michanganyo hiyo ya kubahatisha hutoa tofauti kubwa kama yako katika mara 20 au 30 kati ya 100, huna ushahidi wa kusimamia. Ikiwa haizidi mara 5, una sababu ya kuichukulia kwa uzito. Ukitumia mpango wa kupishana, kila mwanafunzi hulinganishwa na nafsi yake, kwa hiyo badala ya kugawa mafungu, rusha sarafu kwa kila mwanafunzi kuamua kama tofauti yake kati ya mbinu mbili ihesabiwe kama ilivyo au igeuzwe (chanya iwe hasi, na hasi iwe chanya), kisha kokotoa wastani na urudie.

Baada ya hapo weka kujiamini kando ya uwezo. Mbinu iliyopandisha alama za kutambua hatari kidogo lakini ikawafanya wanafunzi wajione bora kuliko wenzao wanane badala ya watano isipitishwe, hata kama mtihani wa maarifa unaisifu. Kwa upande mwingine, usishangae ukikuta mbinu inayopunguza kujiamini: mwanafunzi aliyekisia kilomita 5 kwa saa na kuonyeshwa kuwa ni zaidi ya 40 hupata mshtuko wenye faida. Na pale mtihani wa karatasi na uangalizi wa barabarani vinapopingana, ufuate uangalizi.

Hatua ya nane: Amua, kisha rudia

Uamuzi utategemea pia gharama. Maswali ya kukumbuka yanahitaji karatasi. Video zinahitaji simu, projekta na umeme wa uhakika. Igizo linahitaji nafasi na mwalimu asiyeogopa kelele. Ikiwa mbinu mbili zimetoka sare, chukua ile ambayo mwalimu wa kawaida, siku ya Ijumaa mchana, ataweza kuitekeleza bila kuichakachua. Andika ukurasa mmoja wa matokeo ukitaja idadi ya wanafunzi, walioacha, na kila kipimo pamoja na vile ambavyo havikuonyesha tofauti.

Matokeo ya awamu moja ni ya muda. Rudia ulinganisho ule ule kwa wanafunzi wa awamu inayofuata, ikiwezekana ukiwa na mwalimu mwingine, kabla ya kubadilisha mtaala wa chuo kizima. Vyuo viwili au vitatu vya mji mmoja vikikubaliana kutumia vipimo vilevile na karatasi ile ile ya uangalizi, takwimu zao zinaweza kuunganishwa, na badala ya wanafunzi 24 mtakuwa na 70 au 80, idadi ambayo huanza kuonyesha tofauti ndogo ambazo darasa moja haliwezi kuziona. Katika kuunganisha, hesabuni tofauti ndani ya kila chuo kwanza, kisha mchukue wastani wa tofauti hizo kwa kuzingatia ukubwa wa kila darasa. Mkichanganya alama zote katika kapu moja, chuo chenye wanafunzi wenye uzoefu zaidi kitayapotosha matokeo ya vingine.